Dawa za Mtoto, Heshima ya Mtu Mzima

Hotuba hii, kuhusu vijana na watu wazima wanaopata saratani za watoto, niliitoa mbele ya wagonjwa, familia zao na wahudumu wa saratani. Naiweka yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojaza safu za mbele: itifaki imezingatiwa. Hamjambo? Mniwie radhi mapema kwa jambo moja: nitataja vifo pamoja na kupona. Wengi mliokaa humu ni wagonjwa au mnauguza, na mgonjwa si mtu wa kudanganywa.

Vitabu vyetu hupanga saratani kwa umri. Tezi dume, utumbo mpana na mapafu tunaziweka upande wa wazee. Upande wa watoto tunaweka lukemia kali ya limfoblasti, ambayo ni saratani ya damu, uvimbe wa Wilms wa figo, medulloblastoma ya ubongo, rabdomiosarkoma inayotokana na seli zilizopaswa kuwa misuli, na sarkoma ya Ewing inayoanzia kwenye mfupa au kwenye nyama laini. Mpangilio huo unamfaa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Haumfai binti wa miaka 23 mwenye rabdomiosarkoma nyuma ya pua, wala kijana wa miaka 31 aliyeambiwa ana Ewing ya nyonga.

Watu hawa ni wachache, na kwa uchache wao hakuna wadi iliyojengwa kwa ajili yao. Akienda kwa madaktari wa watoto, anaambiwa umri umepita. Akienda kwa madaktari wa wakubwa, anamkuta mtaalamu hodari aliyetibu mamia ya saratani za matiti na za utumbo, lakini Ewing ameiona mara mbili maishani, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kitabuni. Sasa aende wapi? Nani amtibu? Kwa mpango upi?

Jibu langu ni hili, na nitalirudia hadi mnichoke: ugonjwa utibiwe kwa jina lake, na mgonjwa atendewe kwa umri wake.

Nianze na ugonjwa wenyewe, na nitaegemea Ewing kwa sababu ndio ninaoujua zaidi. Mwaka 1921 mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini, James Ewing wa New York alieleza uvimbe wa mfupa uliomshangaza. Osteosarkoma, saratani nyingine ya mfupa ambayo ilikwishajulikana, haikuwa ikitikisika kwa mionzi. Huu ulipopigwa mionzi ulinywea. Ndipo akautenga na kuupa nafasi yake. Lakini kunywea si kupona. Uvimbe ulitoweka, watu wakashangilia, kisha baada ya miezi ugonjwa ukarudi, mara nyingi kwenye mapafu. Kwa miongo kadhaa hali ikawa hiyo: mpasue, mpige mionzi, na bado katika wagonjwa 10 hupati hata mmoja kamili wa kuishi miaka mingi.

Kwa nini? Kwa sababu siku uvimbe unapoonekana, seli zake zimekwisha kusafiri kwenye damu, ndogo kuliko picha yoyote inavyoweza kuona. Ndiyo maana huwa namwambia mgonjwa kwamba vipimo vinaonyesha uvimbe sehemu moja tu, na papo hapo namwambia atachomwa dawa kwa miezi mingi. Ananitazama kama mtu anayejipinga mwenyewe. Mantiki ya dawa hizo ni hao wote waliokatwa vizuri, wakapigwa mionzi vizuri, wakafa.

Mwaka 1992 watafiti wa Paris wakaonyesha kinachotokea ndani ya seli. Kromosomu ya 11 na ya 22 zinakatika na kubadilishana vipande. Ni kama vitabu viwili vilivyochanika, mtu akabandika kurasa za hiki kwenye kile, na msomaji akafuata maelekezo yasiyokuwa ya kitabu chochote. Jeni ya EWSR1 inaungana na jeni ya FLI1, na hiyo mpya inaiamuru seli igawanyike bila kukoma. Muungano huo uko katika takriban 85% ya wagonjwa wa Ewing. Waliobaki wana muungano unaofanana nao. Sasa nisikilizeni. Ukichukua seli ya mtoto wa miaka 9 na seli ya mtu wa miaka 29, kosa utakalolikuta ni lilelile. Hilo ndilo shina la kila nitakachosema.

Je, hii ina maana kwamba umri hauna uzito wowote? Hapana. Waliovuka miaka 18 hufanya vibaya zaidi katika tafiti nyingi. Sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na mwili na ugonjwa wenyewe. Lakini sehemu nyingine ni sisi: tunachelewa kuugundua, tunaukata vibaya, tunapunguza dozi, tunaahirisha. Sehemu ya kwanza siwezi kuibadilisha leo. Ya pili naweza, na ninyi mnaweza.

Sasa niwape kisa. Kijana wa miaka 26, fundi umeme. Nitamwita Fundi, mambo mengine ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Alianza kuumwa paja. Mchana anapanda ngazi, anavuta nyaya, maumivu anayavumilia. Usiku ndipo yanapomwamsha. Alifika mahali pa kulala ameketi, mgongo ukutani, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila aliyemwona alisema ni kazi. Na kweli, mtu anayepanda ngazi kutwa, ungemwambia nini kingine? Akapewa vidonge, akapewa dawa ya kuchua, akaambiwa apumzike.

Kisha ikaja homa. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umejitungia tabaka juu ya tabaka. Damu ikaonyesha chembe nyeupe zimepanda. Homa, uvimbe wa moto, chembe nyeupe juu: mganga yeyote atafikiri usaha ndani ya mfupa. Wakampasua, wakakuta uji wa kijivu, wakausafisha, wakafunga, wakampa antibayotiki. Uji ule ulipelekwa maabara kutafuta vijidudu. Hakuna kipande hata kimoja kilichopelekwa kwa mwanapatholojia. Kidonda hakikupona, na paja likazidi kujaa.

Ewing hujifanya usaha. Huleta homa, hulainika katikati, hutoka kama kitu kilichooza. Hapa nawaomba wapasuaji waliomo humu: chochote unachokipeleka kutafutiwa vijidudu, kipande chake kipeleke pia kikaangaliwe kama ni saratani. Chochote. Hakikugharimu muda, na kwa kijana mwenye maumivu ya usiku yasiyoisha kinaweza kuwa mguu wake.

Nasema mguu wake kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalijui. Kuchukua kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa, kunaonekana kazi ndogo, ya dakika chache. Lakini njia ile sindano au kisu ilipopita inabaki na seli za saratani, na mpasuaji wa mwisho analazimika kuikata njia hiyo yote pamoja na uvimbe. Ikipita mahali pabaya, analazimika kukata kisichokuwa na haja ya kukatwa. Mwaka 1996 Mankin na wenzake huko Marekani walichapisha mapitio ya wagonjwa 597 waliochukuliwa kinyama cha uvimbe wa mifupa na nyama laini. Wagonjwa 18 kati yao walikatwa kiungo bila sababu nyingine ila kinyama kilichochukuliwa vibaya. Na makosa yalikuwa mengi zaidi kinyama kilipochukuliwa kwanza kwenye hospitali iliyompa mgonjwa rufaa, kuliko pale alipokuja kutibiwa. Kwa hiyo ukiona uvimbe wa mfupa unaoutilia shaka kwa kijana, usiguse. Piga picha ya MRI, mpeleke kwa timu itakayomfanyia upasuaji wa mwisho, wao ndio wachukue kinyama.

Na kinyama kikifika kwenye hadubini, kazi haijaisha. Mwanapatholojia anaona seli ndogo, za mviringo, za rangi ya buluu iliyokolea. Limfoma, saratani ya tezi za limfu, inaweza kuonekana hivyo. Rabdomiosarkoma inaweza kuonekana hivyo. Kipimo cha CD99, protini inayopatikana juu ya seli za Ewing, kikiwa chanya watu hupumua na kuandika Ewing, kumbe hata lukemia ya limfoblasti inaweza kuwa na CD99. Kwa mtoto, mwanapatholojia anaitazamia Ewing. Kwa mtu wa miaka 38, haimjii akilini. Mgonjwa mzima akiambiwa ana saratani ya aina hii, ni haki yake kuuliza: kipimo cha jeni kimefanyika? Na slaidi zimesomwa na mtu wa pili anayezijua sarkoma, yaani saratani za mifupa na nyama laini?

Nakuja kwenye kiini. Nitaiacha Ewing kidogo nizungumzie lukemia, maana huko ndiko ushahidi ulikojitokeza bila mtu kuupanga.

Nchini Marekani palikuwa na makundi mawili ya watafiti. Moja la watoto, jingine la watu wazima. Kijana wa miaka 16 hadi 20 mwenye lukemia kali ya limfoblasti angeweza kuangukia upande wowote. Kilichoamua ni nini? Daktari gani alimwona kwanza, na barua ya rufaa iliandikwa kwenda wapi. Basi. Umri uleule, ugonjwa uleule, ila jengo tofauti. Mwaka 2008 Wendy Stock na wenzake wakakusanya kumbukumbu za vijana 321 wa umri huo, waliotibiwa kati ya 1988 na 2001, wakalinganisha.

Awamu ya kwanza ya tiba ilikwenda sawasawa pande zote mbili. Katika kila kundi, 90% ya wagonjwa waliondolewa ugonjwa kwenye damu. Ungeishia hapo ungesema hakuna tofauti. Lakini baada ya miaka saba, waliokuwa bado salama bila ugonjwa kurudi walikuwa 63% kwa waliotibiwa kwa mpango wa watoto. Kwa waliotibiwa kwa mpango wa wakubwa? 34%.

Rudieni nami: 63 na 34. Vijana wa umri mmoja.

Ufaransa walikwisha kuona kitu hichohicho mwaka 2003, kwa vijana wa miaka 15 hadi 20: baada ya miaka mitano, 67% upande wa watoto, 41% upande wa wakubwa. Nchi mbili, makundi manne, hadithi moja.

Madaktari wa watoto walikuwa na uchawi gani? Hawakuwa nao. Walitumia zaidi dawa tatu: vinkristini, steroidi na asparajinesi. Waliulinda ubongo dhidi ya lukemia mapema na kwa nguvu zaidi. Na, haya ni maoni yangu kwa miaka niliyokaa pande zote mbili, walikuwa wakali wa tarehe. Kwa wadi ya watoto, siku ya dawa ni siku ya dawa. Mama anamleta mtoto, muuguzi anapiga simu asipofika. Kwa wakubwa tunasema, "Njoo wiki ijayo ukijisikia vizuri." Kijana anajisikia vizuri, kwa hiyo haji.

Wenzetu wa wakubwa hawakununa, na nawaheshimu kwa hilo. Walichukua mpango wa watoto wakaujaribu wenyewe kwa watu wa miaka 17 hadi 39. Matokeo ya jaribio hilo, CALGB 10403, yalitoka 2019: 73% walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Mpango uliwezekana. Ulikuwa mzito, maini ya baadhi yao yalilalamika kwa sababu ya asparajinesi, hasa wenye uzito mkubwa, lakini uliwezekana.

Mtaniuliza, lukemia si sarkoma, yanahusianaje? Twende Milan, Italia. Huko walipitia wagonjwa wazima 171 wa rabdomiosarkoma, wakachapisha mwaka 2003. Walifanya jambo la akili: walimpa kila mgonjwa alama kulingana na jinsi matibabu yake yalivyokaribiana na mwongozo wa watoto. Waliopata alama za juu waliishi zaidi. Na dawa zenyewe? Asilimia 85 ya waliopimika uvimbe wao ulisinyaa kwa dawa. Yaani ugonjwa wa mtu mzima ulikuwa ukisikia dawa ileile. Tatizo ni kwamba wengi hawakupewa kwa ukamilifu. Niweke tahadhari hapa, nisije nikanukuliwa vibaya: kuna aina ya rabdomiosarkoma iitwayo ya pleomofi, inayowapata watu wa makamo na wazee. Hiyo ni ugonjwa mwingine. Mpango wa watoto hauihusu. Ndiyo maana nasema tibu kwa jina, na jina liwe kamili.

Lakini kuna mlango mwingine unaowafungia vijana nje, nao ni majaribio ya tiba. Mwaka 2019 yalitoka matokeo mazuri sana ya rabdomiosarkoma: ukimaliza tiba ya kawaida, ukaongezewa miezi sita ya dozi ndogo za vinorelbini na siklofosfamidi, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walipanda kutoka 73.7% hadi 86.5%. Nilifurahi. Kisha nikatazama umri: miezi sita hadi miaka 21. Aliyekuwa na miaka 22 tumweleze nini? Mimi humpa. Naona kosa la kumnyima ni kubwa kuliko kosa la kumpa, ingawa mwenzangu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, na tutabishana naye nje.

Kwa Ewing, afadhali, mambo yamebadilika. Jaribio la Ulaya liitwalo Euro Ewing 2012 lilipokea wagonjwa kuanzia miaka 2 hadi 49, jumla 640, likalinganisha mipango miwili ya dawa. Ulioshinda ndio wenye dawa tano zinazopokezana: vinkristini, doksorubisini na siklofosfamidi mzunguko huu, ifosfamidi na etoposidi mzunguko unaofuata. Baada ya miaka mitatu, 67% walikuwa salama, dhidi ya 61% kwa mpango mwingine. Mpango mmoja, wa mtoto wa chekechea na wa baba wa watoto watatu.

Sasa dozi na tarehe. Mizunguko hiyo ya dawa tano, je, itolewe kila wiki tatu au kila wiki mbili? Marekani walijaribu kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuwa umesambaa. Dawa zilezile, kiasi kilekile kwa kila mzunguko, isipokuwa kundi moja walipewa kila baada ya wiki mbili, wakisaidiwa na sindano ya kuamsha uboho utengeneze chembe nyeupe. Miaka mitano baadaye, waliokuwa salama: 73% kwa waliopewa haraka, 65% kwa waliopewa taratibu. Hakuna dawa mpya hapo. Ni kalenda tu! Lakini waliovuka miaka 18 kwenye jaribio lile walikuwa wachache, na hao hawakufanya vizuri kama wadogo.

Turudi kwa Fundi. Alipofika kwetu tukaanza mpango huo. Kwenye mizunguko ya mwanzo akaja kliniki akanionyesha vidole. Akatoa bisibisi mfukoni, akajaribu kuigeuza mbele yangu, ikamponyoka. Ikaanguka sakafuni, akaiokota kwa mkono mwingine. "Daktari, hii ndiyo ofisi yangu," akasema. Hiyo ni vinkristini. Inauma mishipa ya fahamu, na kwa watu wazima inauma zaidi kuliko kwa watoto. Kwenye kikao chetu mwenzetu mmoja mwenye huruma akapendekeza dawa zote zipunguzwe robo, na mizunguko irudi wiki tatu.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tulifanya hivi: vinkristini peke yake tukaipunguza, maana ndiyo yenye kosa lililoonekana. Nyingine nne zikabaki kamili, tarehe zikabaki palepale. Huo ndio utaratibu ninaoutetea. Punguza kwa madhara uliyoyaona, kwa dawa iliyoyaleta. Usipunguze kwa madhara unayoyaogopa. Ifosfamidi ikimchanganya mtu akili, simamisha ifosfamidi. Mkojo ukiwa na damu, ongeza maji na mesna, dawa ya kulinda kibofu. Chembe nyeupe zikichelewa kwa siku chache, subiri siku hizo chache, usisubiri mwezi.

Na sisemi kwamba kila kizito ni bora. Wamejaribu kuongeza dawa ya topotekani kwenye mpango huu: haikusaidia. Wamejaribu kuongeza dawa ya ganitumabu kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa: haikusaidia, na madhara yakaongezeka. Ukali ninaousema ni wa kutekeleza kilichothibitishwa, basi.

Fundi alipasuliwa katikati ya mizunguko. Ile njia ya upasuaji wa kwanza ilibidi ikatwe yote, ikaondoka na misuli mingi ya paja. Mguu upo. Ngazi hapandi tena. Anatengeneza vifaa akiwa ameketi, na vidole vimerudi kiasi.

Nimesema ugonjwa utibiwe kwa jina lake. Nusu ya pili ya neno langu ni mgonjwa atendewe kwa umri wake, na hapa madaktari wa watoto ndio tunaokosea zaidi. Tumezoea kuongea na mama. Mgonjwa ana miaka 24, ana kazi, ana mchumba, ana deni, na bado tunamwuliza mama yake amelalaje.

Palikuwa na binti mwenye Ewing ya nyonga. Dawa zile, siklofosfamidi na ifosfamidi, huharibu mayai. Mionzi ya nyonga huharibu mayai na mfuko wa uzazi pia. Jambo hili linasemwa kabla ya dripu ya kwanza. Baadaye ni kuchelewa. Kwa mwanamume ni rahisi: mbegu huhifadhiwa siku hiyohiyo. Kwa mwanamke, kuvuna mayai huchukua takriban wiki mbili, na kuna wagonjwa wasioweza kusubiri wiki mbili. Njia nyingine ni kutoa kipande cha ovari na kukigandisha. Mtoto wa kwanza kwa njia ya kukirudisha kipande kama hicho alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004. Ina tahadhari zake, maana kipande kinaweza kuwa na seli za saratani, hasa kwa wenye lukemia.

Tukaeleza yote hayo. Mama akajibu kabla ya binti kufungua kinywa: "Mayai yatolewe, daktari. Nataka mjukuu." Muuguzi wetu, mwanamke wa maneno machache, akamwomba mama amsindikize kuchukua karatasi fulani. Karatasi hazikuwepo. Mlango ulipofungwa binti akasema hataki. Hawezi kukaa wiki mbili na maumivu yale, anataka dawa kesho. Nikamwuliza mara mbili, kwa maneno tofauti. Akasema, "Nimesikia mara ya kwanza."

Tukaanza kesho yake. Mama alilia, akanikasirikia mimi, na hasira yake nilimwachia. Je, mimi ningechagua hivyo? Halinihusu. Alikuwa mtu mzima, ameelezwa, ameelewa, ameamua. Kama tungemtibu kwa heshima ya mtoto, tungemwuliza mama na tungeondoka tumeridhika.

Uingereza walianza kulishughulikia hili mwaka 1990, walipofungua wadi ya vijana wenye saratani kwenye hospitali ya Middlesex, London. Si kila mahali pataweza wadi. Lakini chumba cha kuongea na kijana bila mzazi kinapatikana popote, na mtu wa watoto na mtu wa wakubwa kuketi meza moja mara moja kwa wiki hakuhitaji jengo. Hilo naliomba kwa wakuu mliomo: kikao kimoja, wagonjwa hawa watajwe kwa jina la ugonjwa, mpasuaji awepo, wa mionzi awepo, mwanapatholojia awepo. Wakikaa pamoja, mabishano kuhusu nani mwenye mgonjwa huisha haraka kuliko mnavyodhani.

Niliahidi kutaja vifo. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wa Ewing hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Hao wengi wao hatuwaponyi. Ukirudi baada ya tiba, hali ni ngumu zaidi, ingawa jaribio la rEECur limetusaidia kulinganisha dawa zilizokuwa zikichaguliwa kwa mazoea, na ifosfamidi ya dozi kubwa ikaibuka ya mbele. Kijana wa namna hiyo anahitaji watu wa tiba shufaa tangu mapema, wakati tiba nyingine zinaendelea, wamshughulikie maumivu na wamwulize anataka muda wake autumieje. Nimeona wanaokataa mzunguko wa mwisho ili wakafunge ndoa. Nimeona wanaotaka kila dawa iliyopo duniani. Wote walikuwa na akili timamu.

Na ninyi mliopona, mnaosema mmemaliza: hamjamaliza kabisa. Doksorubisini hukaa na moyo miaka mingi. Mpango wa Ewing niliousema hufikisha takriban miligramu 375 kwa kila mita mraba ya mwili, na kiwango hicho kinataka moyo upimwe kwa ultrasaundi tena na tena, hasa kabla ya ujauzito. Etoposidi na wenzake huweza kuleta lukemia baadaye. Figo zipimwe kwa ajili ya ifosfamidi. Kila mmoja wenu awe na karatasi moja yenye jina kamili la ugonjwa, dawa alizopata, jumla ya doksorubisini kwa namba, mahali mionzi ilipopita na kiasi chake, na tarehe ya mwisho. Piga picha karatasi hiyo ukae nayo kwenye simu. Daktari utakayemwona ukiwa na miaka 45 kwa sababu ya pumzi kukatika hatakuwa mimi, na huenda hajawahi kulisikia jina la ugonjwa wako.

Asiyekuwa nayo aiombe kliniki wiki hii. Wauguzi wetu wawili wamekaa karibu na mlango na fomu tupu, mnaweza kuanza kuzijaza hata sasa. Muda wangu umekwisha, naona mikono imekwisha kunyooshwa. Tuanze na mama aliyeketi kule nyuma, halafu yule mwenzangu aliyetikisa kichwa.